Kumuuguza mgonjwa wa akili ni elimu, si ubavu

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita ukoo wetu ulikaa kikao. Hakikuwa kikao cha posa wala cha kuvunja matanga. Kilikuwa kikao cha barua. Mtoto wa dada yangu, binti aliyemaliza kidato cha sita kwa alama nzuri, alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza kusomea shahada ya uuguzi wa afya ya akili. Barua ikasomwa mbele ya wazee. Ilipofika kwenye maneno hayo, baba yetu mkubwa, ambaye ndiye mzee wa ukoo sasa, akaomba isomwe tena. Iliposomwa tena akauliza: "Yaani mtoto apande ndege, akae ugenini miaka mitatu, sisi tuuze na shamba, ili aje ashike vichaa? Vichaa wanashikwa na watu wenye ubavu. Huyu hata ndoo ya maji inamwelemea."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Binti hakucheka. Alinigeukia mimi, kwa kuwa ndiye mjomba wake ashindaye mbele ya kipaza sauti akiwaeleza watu mambo ya dunia, akaniuliza kwa adabu: "Mjomba, nawe wasemaje?"

Nilikosa la kusema. Nilisema tulitafakari, tukutane tena baada ya wiki mbili. Lakini nyumbani sikulala vizuri, kwa sababu katika kikao kile kulikuwa na jina moja ambalo hakuna aliyelitaja, nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Jina hilo nitalifikia. Kwanza nikueleze nilichokikuta vitabuni katika wiki hizo mbili. Mimi si tabibu. Nina stashahada yangu ya uandishi wa habari basi. Ila kusoma na kuuliza ndiyo kazi yangu.

Tuanze na sisi wenyewe. Mtu akitaka kumkejeli mwenzake Dar es Salaam humwambia apelekwe Mirembe. Unguja watasema Kidongo Chekundu. Nairobi watasema Mathari. Majina ya hospitali tunayajua sote, tena tumeyafanya matusi. Lakini ukimwuliza mtu ni nani anayekesha humo usiku na wagonjwa, na alijifunzia wapi kazi hiyo, atakutumbulia macho. Ni kana kwamba humo ndani hamna kazi ya kujifunza, kuna mlango na ufunguo tu.

Na kweli, kwa karne nyingi dunia nzima iliamini hivyo. Si kwamba hapakuwa na wema. Kairo, hospitali ya Mansuri iliyojengwa mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, na Aleppo huko Syria hospitali ya Arghun ya mwaka 1354 ilijulikana kwa kuwatunza. Lakini London, katika hospitali ya Bethlem, watu wa mjini walikuwa wakienda kuwatazama wendawazimu kama waendavyo kutazama wanyama, na jina la hospitali hiyo likageuka kuwa neno la Kiingereza la ghasia na makelele. Mahali pengi mhudumu alikuwa ni mlinzi. Sifa yake ya kwanza ilikuwa mwili mkubwa. Sifa ya pili ilikuwa kukubali mshahara mdogo.

Badiliko ambalo vitabu husimulia sana lilitokea karibu na Paris, katika hospitali ya wanaume iitwayo Bicêtre, ambako wagonjwa walifungwa minyororo. Mwaka 1797 minyororo ile ikafunguliwa. Sifa zote akapewa daktari Philippe Pinel. Iko hata picha mashuhuri iliyochorwa mwaka 1876, inayomwonyesha daktari huyo katika hospitali ya wanawake ya Salpêtrière, amesimama kwa heshima huku mgonjwa akifunguliwa. Lakini, ndugu msikilizaji, mwaka ule wa 1797 Pinel alikuwa amekwisha kuhama Bicêtre. Aliyeifungua minyororo ya pale ni msimamizi wa wodi, Jean-Baptiste Pussin.

Pussin hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi, aliyeingia hospitali akiwa mgonjwa wa tezi, akapona, akabaki kufanya kazi. Yeye na mkewe Marguerite waliendesha wodi ile pamoja. Aliwakataza wahudumu kumpiga mgonjwa. Wahudumu wenyewe aliwachagua miongoni mwa wagonjwa waliopata nafuu, kwa kuwa aliyeonja machungu ya kufungwa si mwepesi wa kumtesa mwenzake. Pinel hakuficha kwamba alijifunza mengi kwa mtu huyu, na baadaye alifanya mpango Pussin ahamishiwe kwake Salpêtrière. Lakini mchora picha alimchora daktari.

Hapo nikajiuliza: kama Pussin asiye na cheti aliweza, baba mkubwa hana haki? Shahada ya nini?

Jibu nililipata niliposoma yaliyofuata. Uingereza nako waliinuka watu wa huruma. Mwaka 1796 William Tuke na wenzake wa dhehebu la Quaker walifungua mjini York nyumba ya kuwatunza wagonjwa kwa upole. Mwaka 1839 daktari John Conolly alichukua hospitali kubwa ya Hanwell, karibu na London, yenye mamia ya wagonjwa, akaondoa kamba, mikanda na pingu. Ndipo likazuka tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria vya kutosha. Ukiondoa mnyororo, ni lazima uweke kitu badala yake, na hicho kitu ni mtu. Mnyororo hauhitaji shule. Haukasiriki, hauchoki usiku wa manane, hautukanwi ukalipiza. Mtu anakasirika, anachoka na analipiza. Kwa hiyo siku mnyororo ulipofunguliwa ndiyo siku haja ya shule ilipozaliwa.

Wa kwanza kuliona hilo waziwazi alikuwa daktari W. A. F. Browne wa hospitali ya Crichton, mjini Dumfries, Scotland. Mwaka 1854 aliwakusanya wahudumu wake akawafundisha kwa mfululizo wa mihadhara. Hebu fikiri: watu waliokuwa wakihesabiwa kama walinzi na wafagizi, wameketi wakisomeshwa juu ya akili ya binadamu! Miaka mingi ikapita kabla wengine hawajamfuata. Marekani, hospitali ya McLean huko Massachusetts ilifungua shule ya wauguzi wa akili mwaka 1882. Mwaka 1885 madaktari wa Scotland walitoa kitabu kidogo cha kuwafundishia wahudumu wa wendawazimu, ambacho baadaye kilijulikana kwa jalada lake jekundu. Mwaka 1891 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Uingereza kikaanza kuwatahini wahudumu na kuwapa vyeti.

Utadhani wauguzi wenzao walifurahi. La hasha. Ethel Bedford Fenwick, mama aliyekuwa mstari wa mbele kudai kwamba wauguzi waandikishwe kisheria kama madaktari, alipinga vikali katika miaka ya 1890 wauguzi wa hospitali za wendawazimu wasiingizwe katika chama cha wauguzi. Kwake yeye, aliyejifunzia kazi kwa vichaa peke yao hajafundishwa uuguzi. Sheria ya kuwaandikisha wauguzi ilipopitishwa Uingereza mwaka 1919, wauguzi wa akili walikubaliwa, lakini katika sajili ya nyongeza. Walikuwa wamefika mezani, ila wameketishwa pembeni. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka kicheko cha ukoo wetu. Kumbe hata manesi wenyewe walicheka.

Tuje kwetu. Katika milima ya Usambara, juu ya Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walikuwa na kituo mahali paitwapo Lutindi, kilichoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 kikafanywa kituo cha wagonjwa wa akili, nacho hutajwa kuwa cha kwanza cha namna hiyo katika Afrika Mashariki. Nairobi, mwaka 1910, Waingereza walifungua hospitali ya wendawazimu ambayo tangu mwaka 1924 ikaitwa Mathari. Dodoma, Mirembe ikafunguliwa mwaka 1927.

Katika hospitali hizo za kikoloni daktari alikuwa Mzungu, na aliyekesha na mgonjwa alikuwa Mwafrika. Mwaka 1938 Mathari alikabidhiwa daktari J. C. Carothers, ambaye alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa hadi mwaka 1950, na katikati ya muda huo alikwenda London akapata stashahada. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akaandika maelezo ya vita vya Mau Mau kana kwamba kudai ardhi ni ugonjwa.

Nalieleza hilo kwa sababu mbili. Kwanza, ili tusidanganyane kwamba karatasi peke yake humfanya mtu kuwa na busara. Carothers alikuwa na karatasi. Pili, wale wahudumu Waafrika waliokuwa wakiijua lugha ya mgonjwa, waliojua kwamba huyu amefiwa na yule amenyang'anywa shamba, walikuwa na maarifa ambayo daktari hakuwa nayo. Lakini hawakuwa na shule ya kuyaweka maarifa hayo, wala cheo cha kuyasema mezani. Walipostaafu walikwenda nayo vijijini. Daktari aliandika kitabu. Mhudumu alizikwa na yake.

Sasa tufike mwaka 1952, mwaka ambao kwa maoni yangu ndio ulioleta shahada anayoitaka binti yetu. Mwaka huo huko Paris madaktari walianza kuwapa wagonjwa wa akili dawa iitwayo klopromazini, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la lagaktili. Wagonjwa waliokuwa wakipiga kelele miaka na miaka wakatulia. Wapo waliosema sasa muuguzi hana kazi, kazi imefanywa na kidonge. Ikawa kinyume chake. Mgonjwa akipiga kelele, kumshika kunatosha. Mgonjwa akitulia, anakutazama usoni, anakuuliza: "Nina ugonjwa gani? Mke wangu atanirudia? Kwa nini nisife?" Hapo ubavu haujibu kitu.

Mwaka huohuo, Marekani, kilitoka kitabu cha muuguzi mmoja aitwaye Hildegard Peplau. Mama huyu alizaliwa Pennsylvania mwaka 1909 kwa wazazi wahamiaji, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika hospitali ya jeshi nchini Uingereza, iliyotibu askari walioharibikiwa na akili kwa vita. Inasimuliwa kwamba kitabu chake kilikaa miaka kabla ya kuchapishwa, kwa sababu muuguzi kuandika kitabu bila jina la daktari kando yake halikuwa jambo la kawaida. Alichokisema ni chepesi kukitamka na kigumu kukitenda: uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa ndio uuguzi wenyewe. Namna unavyoketi, unavyouliza na unavyosikiliza hujenga au hubomoa. Tangu mwaka 1954 alifundisha katika chuo kikuu cha Rutgers, na humo akaanzisha masomo ya juu ya wauguzi wa akili. Alifariki mwaka 1999.

Wa pili ni Annie Altschul. Alizaliwa Vienna mwaka 1919, akaikimbia Austria baada ya wafuasi wa Hitler kuingia mwaka 1938, akafika Uingereza akiwa mkimbizi, akasomea uuguzi, kisha uuguzi wa akili. Mwaka 1972 alichapisha utafiti wake juu ya mazungumzo kati ya wauguzi na wagonjwa wodini. Alikuta kwamba wauguzi walizungumza na wagonjwa, na wagonjwa walisema mazungumzo hayo yaliwafaa, lakini wauguzi wenyewe hawakuwa na nadharia iliyowaongoza. Kila mmoja alifanya kwa akili yake ya kuzaliwa. Mwaka 1976 akawa profesa wa uuguzi katika chuo kikuu cha Edinburgh, chuo ambacho mwaka 1960 kilikuwa cha kwanza nchini Uingereza kuanzisha shahada ya uuguzi. Na jambo lililonigusa zaidi ni kwamba profesa huyu aliugua yeye mwenyewe ugonjwa wa huzuni kuu, akaandika waziwazi juu yake. Hakuona haya. Sisi kwetu mtu akiugua hivyo tunasema amerogwa, au tunasema anajidekeza.

Iko sehemu nyingine ya habari hii inayotuhusu watu wa Afrika. Katikati ya miaka ya 1950, England na Wales zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 140,000 katika hospitali za akili, na wenyeji walikuwa wakiikimbia kazi hiyo. Basi wakaletwa vijana kutoka Ireland, visiwa vya Karibi, Mauritius, Asia na Afrika. Kulikuwa na madaraja mawili ya mafunzo: la miaka mitatu, lililompa mtu usajili kamili, na la miaka miwili, lililompa usajili wa chini. Vijana wengi wa kigeni walielekezwa kwenye lile la miaka miwili, wengine bila kuelewa tofauti. Waliporudi makwao, au walipotaka kurudi, waliambiwa cheti kile hakitambuliwi. Miaka ya jasho ikawa haina jina. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba daraja la masomo ni majivuno ya wasomi. Daraja la masomo ndilo linaloamua kama mtu atasikilizwa au atatumwa tu.

Mlango wa mwisho ulifunguliwa mwaka 2009, ilipoamuliwa Uingereza kwamba kila anayetaka kuwa muuguzi asome shahada, na ilipofika mwaka 2013 hapakuwa tena na njia nyingine kwa wanaoanza. Huko mwanafunzi huchagua tawi lake tangu mwanzo: watu wazima, watoto, wenye ulemavu wa kujifunza, au afya ya akili. Ndiyo maana barua ya binti yetu iliitaja shahada hiyo kwa jina lake. Kwetu desturi ni kusomea uuguzi wa jumla kwanza, halafu kubobea. Mirembe ina chuo chake cha uuguzi, na Muhimbili wanafundisha hadi shahada ya uzamili. Hakuna njia iliyo ya aibu kati ya hizo.

Na wanasoma nini? Kwa miaka mingi kanuni ya Uingereza imedai saa 4,600, nusu darasani na nusu kazini. Wanasoma ubongo, dawa, sheria, na namna ya kuzungumza na mtu anayetaka kujiua bila kumsukuma wala kumdanganya. Nitoe mfano mmoja tu unaotosha. Mgonjwa amepewa sindano ya kumtuliza, dawa kama haloperidoli. Baada ya saa kadhaa shingo inapinda, macho yanageuka juu, ulimi unatoka. Jamaa waliopo watapiga yowe kwamba shetani amepanda. Mhudumu asiyesoma atawaita wenzake wamfunge. Muuguzi aliyesoma anajua kwamba hayo ni madhara ya ile dawa, na kwamba iko dawa nyingine inayoyaondoa upesi. Kwa mgonjwa, tofauti ya watu hao wawili ni kama tofauti ya usiku na mchana.

Wapo Uingereza wanaolalamika kwamba shahada zimewafanya wauguzi wapende karatasi kuliko vitanda. Malalamiko hayo si ya kupuuza. Shahada haimpi mtu moyo. Lakini moyo bila elimu nao una mwisho wake, na hapo ndipo nifike kwenye lile jina.

Tulikuwa na baba mdogo, fundi cherehani. Mwaka 1993, mimi nikiwa mtoto wa shule ya msingi, alianza kukosa usingizi, akasema peke yake, akachana nguo za wateja. Wanaume wa ukoo walimfunga kamba ya katani, wakampakia nyuma ya gari. Mafundo ya kamba aliyafunga baba mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na nguvu. Nilikwenda nao. Hospitali sitaitaja. Tulipokelewa na wahudumu wawili wenye miili, wakamvuta, mmoja akampiga kofi mbele yetu ili, alisema, ajue amefika. Baba mdogo alitoka baada ya miezi mitatu, hasemi, anatetemeka.

Mwaka uliofuata akaugua tena, tukamfunga tena. Safari hii alikuja muuguzi mmoja wa makamo. Alivuta kigoda akaketi, macho yake na ya baba mdogo yakawa sawa. Akamwuliza jina. Akamwuliza kazi. Kisha akasema: "Fundi, mikono hii ikivimba utashona kwa nini?" Wakazungumza muda mrefu, sisi tumesimama juani. Mwishowe akaifungua kamba mwenyewe, polepole, akieleza kila anachokifanya kabla ya kukifanya. Baba mdogo akaingia wodini kwa miguu yake. Alikaa miezi miwili, akarudi kwenye cherehani. Sare yangu ya kidato cha kwanza aliishona yeye.

Muuguzi yule alimwambia marehemu baba kwamba kazi ile aliisomea Dodoma. Pale hospitalini alikuwa peke yake aliyeisomea. Wengine walifundishwa na funguo. Basi tulipompeleka baba mdogo mara ya tatu, tuliuliza habari zake tukaambiwa amehamishwa. Na kila alichokijua kilikuwa kimehama naye. Kamba ikarudi. Baba mdogo alifariki mwaka 2001, na alama za katani bado zilikuwa mikononi.

Ndugu msikilizaji, hayo ndiyo niliyoyaleta katika kikao cha pili. Nilisema habari za Pussin, nikasema habari za Peplau, wazee wakanisikiliza kwa ustaarabu kama wasikilizavyo redio. Kisha nikalitaja jina la baba mdogo. Pakawa kimya. Nikasema: wema wa mtu mmoja ni riziki, lakini riziki ya mtu mmoja huhama naye. Wema uliofundishwa shuleni, ukaandikwa, ukatahiniwa, ukapewa watu mia, haupotei kwa barua moja ya uhamisho. Hiyo ndiyo maana ya shahada. Haimfanyi binti yetu kuwa mwema, kwani mwema anao uwezo wa kuwa hata bila hiyo. Inamwezesha kuufundisha wema wake kwa wengine, na kusimama mbele ya daktari aseme: hapana, huyu asifungwe.

Shangazi mmoja akauliza kama atarudi, maana Uingereza nao wanawataka wauguzi. Ni swali la haki, na binti alijibu kwa ukweli kwamba hawezi kuapa. Nililipenda jibu hilo kuliko kiapo.

Baba mkubwa alikuwa ameinamia fimbo yake. Nilidhani amesinzia. Akasema, hakumtazama mtu: "Yule nesi wa kigoda. Alikuwa mwembamba."

Hakuna aliyecheka. Baada ya muda akasema shamba la bondeni liuzwe, la kilimani libaki. Bado haitoshi ada yote, na tunazunguka kwa jamaa na marafiki kama ukoo wowote ule.

Nami nina deni langu. Katika matangazo yangu ya miaka ya nyuma nimewahi kuwachekesha watu kwa utani wa Mirembe, zaidi ya mara moja. Ndani ya hospitali ile, ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, kuna watu wanaojifunza kuketi kwenye kigoda na kumwuliza mgonjwa jina lake. Utani huo sitaurudia. Na wewe ambaye mwanao amekwambia anataka kusomea kazi hii, kabla hujacheka, mwulize kwanza kwa nini. Huenda katika ukoo wenu pia kuna jina ambalo halitajwi.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.